Uzoefu wangu: kujitengenezea wijeti ndani ya Nuke kwa Python na PySide

Nuke ni programu ya kuunganisha na kurekebisha picha za video kwa nodi, yaani hatua za kazi zilizounganishwa; PySide ni maktaba ya Python ya kutengeneza wijeti, yaani vidhibiti vya kwenye dirisha. Kama unachohitaji ni slaida moja au mbili, usijisumbue na kodi. Bofya kulia kwenye paneli ya nodi, ingia Manage User Knobs, ongeza, basi. PyCustom_Knob, yaani kidhibiti cha nodi unachokiandika mwenyewe kwa Python, inalipa pale vidhibiti viwili vinapotakiwa kwenda pamoja. Mimi naitumia kwa picha za ukungu wa asubuhi, zile za mashamba ya chai ya Tukuyu na Mufindi ambazo wateja wetu wa Mbeya hawachoki kuziomba kwenye matangazo. Wijeti ni mraba wenye nukta: ukiivuta kulia au kushoto unabadili ujoto wa rangi, juu au chini unabadili mwangaza. Macho yanabaki kwenye picha.

Muundo wake ni mfupi. Klasi ya kwanza ni QWidget ya kawaida: paintEvent inachora mraba na nukta, mousePressEvent na mouseMoveEvent zinasoma kipanya kiko wapi. Ipe setMinimumSize, mimi nimeweka pikseli 180 kwa 180, la sivyo paneli inaweza kuibana hadi isishikike. Klasi ya pili, tuiite Nobu, ina makeUI inayorudisha wijeti hiyo, na updateValue ambayo Nuke huiita yenyewe. Klasi zote mbili zinakaa kwenye faili moja, uwanja.py. Kisha:

node.addKnob(nuke.PyCustom_Knob('uwanja', '', 'uwanja.Nobu(nuke.thisNode())'))

Hicho cha tatu ndani ya mabano ni maandishi tu. Nuke huyahifadhi kwenye faili la kazi na kuyatekeleza upya baadaye, kwa hiyo ukimtumia mwenzako wa Iringa faili bila moduli ya uwanja.py, atapata kosa na mahali pa mraba patabaki patupu. Mpe moduli aiweke kwenye folda ya .nuke, na mstari wa import uwe ndani ya menu.py, faili ambalo Nuke husoma inapofungua dirisha lake. Ukirenda, yaani ukitoa picha za mwisho, bila dirisha, kwa nuke -t, menu.py haisomwi kabisa; ndiyo maana picha isitegemee wijeti kwa lolote.

Hapa ndipo wengi wanapokwama, kwa sababu PyCustom_Knob haitunzi thamani yoyote. Nafasi ya nukta ikikaa kwenye kumbukumbu ya Python tu, umeme ukikatika imekwenda nayo. Ongeza XY_Knob, kidhibiti kinachotunza namba mbili za x na y, yenye jina nafasi, ifiche kwa setFlag(nuke.INVISIBLE), na wijeti iandike humo kila nukta inaposogea. Mimi nafungasha yote kwenye Group, nodi inayobeba nodi nyingine ndani yake. Grade, nodi ya kurekebisha rangi, iliyo ndani inasoma parent.nafasi.x na parent.nafasi.y kwa ekspresheni. Hapo kurenda kunaendelea hata kwenye mashine isiyo na moduli yako.

Kosa la "Internal C++ object already deleted" lina chanzo kimoja: paneli ikifungwa, Qt, mfumo wa madirisha ambao PySide inautumia, huiua wijeti, lakini kodi yako bado imeishika. Tengeneza wijeti mpya kila makeUI inapoitwa, na ndani ya updateValue kamata RuntimeError kimyakimya. Usiihifadhi moja ukitegemea itafufuka.

Upande wa matoleo, Nuke 13 hadi 15 zinatumia PySide2, na Nuke 16 imehamia PySide6. Anza na try ya PySide6, except iende PySide2. QAction, yaani kipengele cha menyu, nayo imehama kutoka QtWidgets kwenda QtGui, kwa hiyo menyu ya kubofya kulia itavunjika usipoigusa.

Kwa kujifunzia, toleo la Non-commercial linatosha, mradi ujue mipaka yake: picha inayotoka haizidi 1920 kwa 1080, faili ni .nknc iliyofungwa kwa siri, na Python inawekewa kikomo cha nodi 10. Wijeti ya nodi moja haigusi kikomo hicho. Inayozunguka allNodes, yaani nodi zote za faili, itagonga ukuta mapema, na hiyo usiijaribie huko.