Kozi ya Jumamosi ya walimu wa Kiingereza pale Kirumba, Mwanza, nimeimaliza na haya ndo maoni yangu

Mimi nafundisha twisheni ya Kiingereza Igoma, jioni, watoto wanaojiandaa na fomu wani pamoja na watu wazima wachache wa biashara. Kozi niliisikia kwa mwalimu mwenzangu, Jumamosi sita kwa elfu themanini, ipo ghorofani Kirumba njia ya kushukia Mwaloni, yaani wakifungua madirisha harufu ya dagaa mnaipata wote. Naipa nyota nne.

Kilichonishika ni siku ya pili. Mwezeshaji, dada mmoja mtaratibu hivi, katuuliza neno gani tunalitumia sana darasani, kila mtu kataja lake, mwishoni akasema ni "mmeelewa?" Na kweli aisee, mimi nalisema kila baada ya dakika tano na watoto wanaitika ndiyooo mwalimu, ukija mtihani unakusanya karatasi nyeupe. Sasa yeye anasema ukishafundisha "I used to sell dagaa" achana na mmeelewa, uliza "Do I sell dagaa now?" Atakayejibu yes umeshamjua hapohapo, unarudi kwake kabla hujaendelea. Ni kitu kidogo sana ila mimi miaka yote sikuwa nafanya.

Somo la saa ndo sitalisahau. Sisi tunaanza kuhesabu saa jua likichomoza, Waingereza wanaanza usiku wa manane, kwa hiyo tunapishana masaa sita, na mwanafunzi asipoliweka hilo sawa linamgharimu. Nina mfanyabiashara mmoja wa dagaa alimwambia mteja wa nje "two o'clock" akimaanisha saa mbili asubuhi, akakaa na mzigo wake anasubiri, mgeni katokea saa nane mchana. Mimi nilikuwa nawaambia wajumlishe sita, wanachanganyikiwa. Dada akatoa saa aliyoichora kwenye boksi la biskuti, akalaza rula ipite katikati, upande mmoja 2 na upande wa pili 8, akasema kichwani ukiwa na saa mbili vuka rula uende ng'ambo, soma kilichopo. Basi. Jumatatu nikachukua boksi langu nikafanya vilevile na yule mfanyabiashara, haikufika robo saa akawa anawauliza wenzake yeye mwenyewe. Nilifurahi mpaka nikamwandikia dada meseji usiku uleule.

Kuna pia he na she, maana sisi tuna "yeye" tu kwa wote, hapo alitufanyisha kwa picha za ndugu zetu kwenye simu, unamwonyesha jirani yako shangazi unasema "she is my aunt", na ukikosea jirani ndo anakurekebisha, siyo mwalimu. Kwenye r na l darasa lilikuwa na watu wa Musoma, Ukerewe, na Wasukuma sisi, kwa hiyo kazi ilikuwepo. Alitupa vioo vidogo, l ulimi unagusa nyuma ya meno ya juu, r ya Kiingereza haugusi popote, unajiona mwenyewe mdomoni "light, right" bila mtu kukucheka, na hilo la kutochekwa nalithamini sana kwa sababu nimeshapoteza wanafunzi watu wazima kwa kicheko cha siku moja tu.

Sasa yanayohitaji kurekebishwa. Tuliambiwa tutakuwa ishirini tukafika thelathini na nane, mazoezi ya wawiliwawili yanageuka kelele tupu na dada hawezi kupita kwa kila mtu. Makaratasi waliyotugawia mifano yake ni theluji na treni za chini ya ardhi, mtoto wa Igoma utamfundishia nini hapo, bora wangeweka feri ya Kamanga na soko anayotumwa kila siku. Halafu kopi tulichangishwa pembeni wakati mwanzo walisema kila kitu kimo humohumo kwenye ada, hilo sikulipenda hata kidogo.

Ukiamua kwenda wahi viti vya mbele, umeme ukikatika jenereta ipo chini ya dirisha la nyuma na husikii kitu. Wa Ukerewe njooni tangu Ijumaa, mwenzetu wa Nansio alikuwa analala kwa dada yake Kitangiri na ndo pekee hakuchelewa hata Jumamosi moja.