Ndoana za mviringo kwa wavuvi wa mshipi wa Mikindani

Kwa miezi mitatu nimetumia ndoana za mviringo nilizonunua katika duka moja la zana za uvuvi hapa Mtwara, nikivua chewa na nguru kwa chambo cha ngisi nje ya ghuba ya Mikindani, na ninazipendekeza kwa moyo wote. Ncha yake imekunjwa kuelekea kwenye shina, kwa hiyo hata samaki akimeza chambo, mara nyingi ndoana huteleza kutoka kooni na kushika pembeni mwa mdomo. Chewa mchanga niliyemnasa wiki iliyopita nilimfungua kwa vidole viwili, akazama akiwa mzima. Sharti lake ni gumu kwa sisi tuliozoea kuuvuta mshipi kwa ghafla: uvute taratibu hadi uzito wa samaki ujae mkononi.

Waya wa kuunganisha ndoana na mshipi uliouzwa pamoja nazo, ambao ni wa lazima kwa kuwa meno ya nguru hukata nailoni, haukuniridhisha. Kifungo chake kilifunguka safari ya pili, nguru akaondoka na ndoana mdomoni, nami niliumia zaidi kwa ajili yake kuliko kwa hasara. Sasa ninausokota mwenyewe.