Fundi wa RAM karibu na Soko la Majengo: nyota nne

Nina steshenari Ng'ong'ona, upande wa Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM), na mashine ninayoitegemea ni kompyuta ya mezani, Dell OptiPlex 7010. Ilikuwa na vipande viwili vya RAM (kumbukumbu ya muda ya kompyuta inapofanya kazi), GB 2 kila kimoja, aina ya DDR3, yaani kizazi cha tatu, ya kasi ya 1333. Msimu wa wanafunzi kuprinti ripoti za utafiti, PDF moja yenye picha nyingi ilitosha kuigandisha.

Nilikuwa nimetunza kipande cha GB 4 cha kasi ya 1600. Duka la kwanza nililoingia mjini waliniambia RAM tofauti hazichanganywi kabisa, ninunue seti mpya. Fundi huyu aliuliza kwanza Windows yangu ni ya biti ngapi, maana ile ya biti 32 ya kawaida haivuki GB 4 hata ukijaza nafasi zote za RAM. Yangu ni 64. Ndipo akafungua mashine, akapuliza vumbi (vumbi letu la Dodoma mnalijua), akapanga vipande mezani na kusoma lebo kimoja kimoja mbele yangu.

Alinielewesha kwamba kampuni tofauti si tatizo, na ukubwa tofauti si tatizo. Kasi zikitofautiana, vyote hufuata kile cha polepole, kwa hiyo 1600 yangu ingeshuka hadi 1333. DDR2 na DDR3 ndizo hazikai pamoja: zote zina miguu 240, lakini pengo la katikati limehama, ukilazimisha unavunja. Zile zilizoandikwa PC3L hutumia volti 1.35 badala ya 1.5. Nyingi hukubali volti zote mbili, ila kuna laptop zinazotaka 1.35 tu.

Kilichonifanya nimwamini ni kipande cha GB 8 kilichokuwa kwenye boksi lake, bei chee. Nikakitaka. "Hapana mama, hiyo ni ya seva. Itaingia vizuri tu, lakini mashine haitawaka." Angeweza kuniuzia nikaondoka nikifurahi.

Akaniuzia GB 4 nyingine ya 1600 ili iwe jozi na yangu, kwa shilingi 25,000, ufundi ukiwemo. Jozi ya GB 4 akaiweka kwenye nafasi za jozi moja, za GB 2 kwenye jozi ya pili, jumla GB 12. Hakunipa siku ileile. Aliiacha Memtest86+, programu ya kupima RAM, ikague usiku kucha, na asubuhi akanionyesha kioo: hakuna kosa hata moja. Tangu hapo nafungua Word, kivinjari na mafaili ya wateja kwa pamoja bila kuganda.

Nyota moja naizuia kwa sababu waranti yake ni ya mdomo. Kwa mtu wa biashara hiyo haitoshi. Aandike hata kwenye karatasi tarehe na aina ya kipande. Bei nazo hazijabandikwa popote, mpaka uulize.

Ukienda, beba vipande vyako vyote vya zamani, na uwahi asubuhi kabla hajazidiwa na simu za kutengeneza.