Uzoefu Wangu na BSA Martini International: Kushindana kwa Bunduki ya Bei Nafuu

Bunduki ninayoitolea maoni hapa ni BSA Martini International Mk III ya kaliba ya .22, yaani mtutu wenye upana wa takriban inchi 0.22. Ilitengenezwa Birmingham kabla sijazaliwa, nami niliinunua hapa Uingereza kwa chini ya pauni 200, vilengeo vyake vikiwa juu yake. Wenzangu ninaolala nao sambamba kwenye mikeka jioni za mashindano wanatumia Anschütz na Walther za kisasa ambazo zikiwa mpya huuzwa kwa maelfu ya pauni. Nimeitumia kwa misimu ya kutosha, ndani ya ukumbi na nje uwanjani, kiasi kwamba ninaweza kusema bila kubabaika mahali inapotosha na mahali inapokwama. Ninamwandikia hasa Mswahili mwenzangu anayeishi huku, ambaye amevutiwa na mchezo wa kulenga shabaha lakini akaona bei za vifaa akarudi nyuma.

Kwanza ieleweke ni mchezo gani ninaouzungumzia. Mlengaji hulala kifudifudi, akashikilia bunduki kwa mikono miwili na mkanda uliofungwa kwenye mkono wa kushoto, bila egemeo lolote. Majira ya baridi tunalenga ndani, yadi 25, kwenye kadi yenye duara kumi nyeusi. Kila duara hupigwa risasi moja, na kila risasi hupata alama zisizozidi kumi, hivyo kadi safi ni 100. Ligi nyingi huendeshwa kwa posta. Kila mmoja hulenga katika klabu yake, kadi ikiwa imebandikwa kibandiko cha ligi, kisha kadi hupelekwa kwa msahihishaji ambaye huingiza kipimo maalumu kwenye tundu lenye utata na kuamua kama ni kumi au tisa. Washindani hupangwa madaraja kwa kufuata wastani wa alama zao. Mpango huo ndio unaomwokoa mtu mwenye vifaa duni, kwa sababu mwenye wastani wa 93 hapangwi na bingwa wa kaunti bali na wenziwe wa 93 walioko miji mingine ambao huenda hatawaona maisha yake yote.

Kuhusu sheria nitapita haraka. Hakuna haja ya kumiliki bunduki ili uanze. Mwanachama wa klabu iliyoidhinishwa na Home Office, yaani wizara ya mambo ya ndani ya Uingereza, anaruhusiwa kutumia bunduki za klabu bila kuwa na kibali chake mwenyewe, na kabla ya kupewa uanachama kamili hupitia kipindi cha majaribio kisichopungua miezi mitatu. Ukitaka yako binafsi, unaomba kibali kwa polisi, wanakuja nyumbani, wanakagua kabati la chuma ulilolifunga ukutani, nawe unangoja. Kibali kikitoka hudumu miaka mitano. Kungoja kwenyewe kuna faida: nilipata nafasi ya kulenga kwa karibu kila bunduki iliyokuwamo kabatini mwa klabu, na Martini ndiyo iliyonikaa begani.

Sasa bunduki yenyewe. Haina boliti ya kuvuta na kusukuma. Chini ya mkono kuna wenzo. Ukiusukuma chini, kipande cha chuma kinachoziba mtutu kwa nyuma kinashuka, nawe unaiweka risasi kwenye mfereji mdogo ulio juu yake na kuitelezesha kwa dole gumba hadi iingie. Ukivuta wenzo juu, kila kitu kinafungwa kwa mlio mzito mmoja. Ni risasi moja tu kwa wakati mmoja. Mtindo huu wa kufunga mtutu ni ule ule wa Martini-Henry, bunduki ambayo jeshi la Uingereza liliichukua mwaka 1871, ila huku umepunguzwa na kutengenezwa kwa ustadi wa mashindano. Baada ya kuizoea, mkono wa kulia unafanya kazi yote huku kiwiko cha kushoto hakitikisiki hata kidogo, na katika mchezo ambao kiwiko kikihama kwa upana wa ukucha shabaha nzima imehama, hilo si jambo dogo.

Kifyatulio ndicho kilichonishangaza. Nilitarajia chuma cha zamani chenye kukwaruza. Nikakuta kinachoachia ghafla, safi, kwa mguso mwepesi wa ncha ya kidole. Fundi wa klabu alikirekebisha kidogo tu. Nimewahi kulenga kwa bunduki mpya za bei ya kati zilizotengenezwa kwa ajili ya uwindaji wa sungura, na vifyatulio vyake havikaribii hiki. Ndiyo maana simshauri mtu anunue bunduki mpya ya bei rahisi kwa mchezo huu wakati ya zamani iliyotengenezwa mahususi kwa mashindano inapatikana kwa bei hiyo hiyo au pungufu.

Usafishaji ni rahisi kwa sababu mtambo mzima wa ndani hutoka kwa chini, na mtutu unabaki wazi kwa nyuma, hivyo ufito wa kusafishia unapita kutoka upande unaopaswa kupita bila kuugusa mdomo wa mtutu. Mtutu wangu, pamoja na umri wake wote, bado unaweka risasi za yadi 25 katika tundu moja lenye kingo zilizochanika bunduki ikiwa imeegemezwa kwenye mfuko wa mchanga. Tundu hilo linaingia ndani ya kumi pasipo shida. Maana yake ni kwamba tisa zote zilizoko kwenye kadi zangu ninazitengeneza mimi mwenyewe.

Upande wa pili nao una mambo yake. Kilengeo cha nyuma, yaani kile chenye tundu la kuchungulia, kimechakaa nyuzi zake. Kila hatua moja ya kukizungusha inapaswa kusogeza risasi robo dakika (dakika hapa ni kipimo cha pembe, sehemu moja ya 60 ya digrii), ambayo kwa yadi 25 ni takriban milimita 1.7 kwenye kadi. Kwangu mimi, nikizungusha kwenda kulia kisha nikageuza kurudi kushoto, hatua mbili za mwanzo ni mlio mtupu. Hakuna kinachosogea, halafu ya tatu inaruka. Dawa yake ni kuzidisha upande mmoja na kurudi siku zote kutoka upande ule ule, ili skrubu iwe imebanwa kwa namna moja. Ndani ya ukumbi, ambako kilengeo nikishakiweka sikigusi tena, kasoro hiyo haina uzito. Nje penye upepo ni habari nyingine, nitaifikia.

Kitako nacho hakirekebishiki. Bunduki za kisasa zina shavu la kupandisha na kushusha, na sahani ya begani inayokwenda kila upande. Hii yangu ina mbao, basi. Mwenye shingo ndefu atajikuta anauinua uso kutafuta tundu la kilengeo, na uso usiotulia mahali pamoja hauoni duara mahali pamoja. Nilibandika kipande cha mkeka wa mazoezi juu ya kitako kwa utepe wa kunata, nikakipunguza kwa kisu kidogo kidogo hadi jicho likafika penyewe. Hakipendezi machoni, lakini kimeniongezea alama kuliko kitu kingine chochote nilichoifanyia bunduki hii. Uzito pia autafakari anayenunua: ni bunduki ya kilo sita na ushei. Kwa kulala kifudifudi uzito huo unasaidia utulivu, ila kijana mdogo au mtu mwenye mwili mwembamba atachoka kabla kadi ya pili haijaisha.

Vipuri ndilo tatizo la kweli. Kulabu ya kutolea maganda iliwahi kulika ikawa inaruka juu ya ukingo wa ganda bila kulivuta, na nikawa nachokonoa maganda kwa kijiti katikati ya mashindano. Duka moja la silaha lilinihakikishia kwa simu kwamba linayo, likachukua fedha, likanitumia ya aina nyingine isiyoingia. Hatimaye niliipata kutoka kwenye Martini mbovu iliyokuwa imefunguliwa vipande. Atakayeinunua bunduki hii aitafute kulabu ya akiba mapema, wakati hana haja nayo.

Kuhusu mavazi, nina msimamo ambao baadhi ya wazee wa klabu wanaupinga. Wao husema nunua bunduki nzuri kwanza, koti litakuja. Mimi naona kinyume chake, kwa anayelenga akiwa amelala. Koti gumu la turubai, hata likiwa limevaliwa na mtu mwingine kabla yako, alimradi linabana vizuri mabegani, pamoja na glavu nene ya mkono wa kushoto, ndivyo vinavyoutenganisha mwili na bunduki. Bila koti hilo, mkanda unakandamiza mshipa wa mkono, na ukichungulia kwenye kilengeo unaona pete ya kilengeo cha mbele ikidunda: tu, tu, tu, sawasawa na mapigo ya moyo, ikitoka nje ya duara jeusi na kurudi. Ukivaa koti zuri, pete inatulia mpaka unasahau kwamba una moyo. Langu lilinigharimu karibu nusu ya bei ya bunduki, na sijajuta.

Risasi ndizo zinazokula fedha mwaka hadi mwaka, kwa hiyo nilizijaribu kwa makini. Kwa kazi ya yadi 25 natumia SK Standard Plus inayotengenezwa Ujerumani, na mara nyingine Eley Club. Nilizilinganisha na Tenex, ile ya daraja la juu ya Eley ambayo bei yake ni zaidi ya maradufu, na kwa umbali huo sikuona tofauti ambayo mimi kama mlengaji ningeweza kuitumia. Jambo la kuzingatia ni kwamba risasi za jina moja hazifanani toleo kwa toleo. Namba ya toleo imechapwa kwenye kisanduku. Nikipata toleo ambalo mtutu wangu unalipenda, ninanunua la kutosha msimu mzima, na hapo risasi ya bei nafuu iliyochaguliwa vizuri inaishinda ya ghali iliyookotwa dukani kwa bahati.

Kiangazi kikifika tunatoka nje, na hapo mapungufu yanajitokeza. Katika mtindo uitwao Dewar unalenga risasi 20 kwa yadi 50 na 20 kwa yadi 100, jumla ya alama 400. Risasi ya .22 ya mashindano huruka kwa mwendo ulio chini ya ule wa sauti, kwa hiyo inafika yadi 100 ikiwa imechoka, na upepo wa kawaida wa pembeni unaisukuma inchi tatu au zaidi. Mlengaji anapaswa kusoma bendera na kubadilisha kilengeo kila mara. Hapo ndipo zile hatua mbili za mlio mtupu zinapouma, na hapo ndipo tofauti ndogo za kasi kati ya risasi na risasi, zisizoonekana yadi 25, zinapogeuka kuwa mstari wa matundu ya juu na chini. Kwa yadi 50 ninashindana sawasawa na wenzangu wa daraja langu. Kwa yadi 100 ninaachwa, na sehemu ya kuachwa huko ni vifaa. Kilengeo kizuri cha kisasa kilichotumika kingenigharimu karibu sawa na bunduki nzima, na nadhani ndicho nitakachokinunua kabla ya kufikiria mtutu mwingine.

Kuna kinaya kimoja ambacho huwa kinanijia nikiishika bunduki hii. BSA ni kampuni ya Birmingham, Eley nayo ni ya Birmingham, na Michezo ya Jumuiya ya Madola ilipofanyika katika mji huo huo mwaka 2022, kulenga shabaha hakukuwemo kwenye ratiba, ingawa mwaka 2002, michezo ilipokuwa Manchester, walengaji walipelekwa kwenye uwanja wa kulenga shabaha wa Bisley, kusini mwa Uingereza, na wakashindana.

Wastani wangu ulianza kwenye 90 na ushei kwa bunduki ya klabu, na kwa Martini umepanda ukatulia kwenye 96 hadi 97. Nimepanda daraja katika ligi ya posta, na niliwahi kumaliza juu ya kundi lililojaa watu wenye bunduki za alumini zilizopakwa rangi. Kwa ukumbini ninaipa Martini nyota tano. Kwa nje ninaipa tatu.

Anayetaka kuinunua aende na mtu wa klabu, na aombe kuifyatua kabla ya kulipa. Aingize ganda tupu na kufungua wenzo mara kadhaa kuona kama kulabu inalivuta kila mara. Achungulie mtutu kwa nyuma, mahali risasi inapokaa, kama pameliwa na kuota pete. Ahesabu hatua za kilengeo kwenda na kurudi. Na aulize waziwazi kama kilengeo cha mbele kinauzwa na pete zake za ukubwa mbalimbali, maana wauzaji wengi huziacha kwenye kopo fulani nyumbani, na kuzipata moja moja baadaye ni usumbufu na gharama isiyo na sababu.