Submita kwa nyumba ya wapangaji: ipi kwanza, ipi mwisho

Nyumba yenye LUKU moja na wapangaji wanne haikosi kesi ya friji. Submita, yaani mita ndogo ya umeme ya kila mpangaji, inaimaliza, ila kabla hujatoa hela dukani uliza: hii mita inaongea na nani, na kwa njia gani?

1. Submita ya tokeni. Ni mdogo wake LUKU. Wengi hudhani inawasiliana na ofisi moja kwa moja, kumbe nyingi hazina laini wala intaneti. Zile tarakimu 20 ndiyo mawasiliano yenyewe: zimebeba idadi ya uniti na muda tokeni ilipotengenezwa, zikafungwa kwa ufunguo wa mita yako tu. Mita inazifungua, inaanza kupunguza uniti, zikiisha inakata. Mpangaji hana wa kugombana naye.

Rimoti ya chumbani, ile ya kuingizia tokeni, huongea na mita kupitia nyaya zilezile za umeme, waya wake wenyewe, au redio. Mimi napenda ya nyaya za umeme, fundi hachimbi ukuta. Uliza pia nani atakuuzia tokeni na anakata kamisheni kiasi gani. Hapo ndipo wengi huumia. Na ukiletewa ya mtumba, hakikisha ilishabadilishiwa ufunguo. Muda wa tokeni za mita hizi ulihesabiwa kwa dakika tangu 1993, na hesabu ile ilijaa 24 Novemba 2024. Isiyobadilishwa haipokei tokeni mpya.

2. Submita ya kawaida ya kidijitali. Haiongei na mtu. Unaisoma mwenyewe kila mwezi, mnagawana bili. Kwa familia mbili zinazoelewana, usitafute nyingine. Ijaribu kabla ya kuifunga moja kwa moja: iliyoandikwa 1000 imp/kWh, taa yake hupepesa mara 1000 kwa uniti moja. Chemsha maji kwa birika la wati 2000 kwa dakika 3, vingine vyote vikiwa vimezimwa. Uhesabu karibu 100. Ikipitiliza sana, irudishe dukani.

3. Submita ya Wi-Fi. Inavutia: uko Mwanza, unaona kwenye simu chumba cha Dar kinatumia nini, na unaweza kukata. Lakini ruta hukaa wapi? Mara nyingi chumbani kwa mpangaji, pengine yuleyule unayemdai. Akiichomoa, mita itaendelea kuhesabu, wewe huoni kitu wala huwezi kukata.