Mpira wa pawa stelingi unavuja? Anza na washa

Corolla yangu ya 1998 ilianza kuacha doa jekundu la mafuta pale ninapoiegesha. Fundi akafunua boneti, akachungulia kidogo, akasema, "Mpira umekwisha huo, bosi." Nikanunua mpya. Wiki ya pili doa likarudi palepale. Kumbe mpira mpya ulifungwa na washa zilezile za zamani (pete bapa za chuma laini zinazoziba maungio), zilizobanika mpaka zikawa nyembamba kama karatasi. Ndiyo maana orodha yangu ya vitu vya kununua inaanza na kitu cha bei ya soda.

Kabla hujatoa hela, jua panapovuja. Injini ikiwa imepoa, osha sehemu yote kwa maji ya sabuni, ikauke, kisha nyunyiza poda ya mtoto kwenye maungio. Mtu mwingine awashe gari na kuzungusha usukani kushoto na kulia, wewe ukimulika kwa tochi. Poda italowa na kubadilika rangi pale mafuta yanapotokea, maana kwa kawaida unachokiona chini ni mahali yalipodondokea tu. Usipapase kwa kidole injini ikiwa inanguruma. Kwenye mpira wa presha, ule unaotoa mafuta kwenye pampu kuyapeleka kwenye stelingi, yanaweza kupita psi 1,000, na yakichuruzika kwa kitundu kidogo hupenya ngozi.

Namba moja: washa au oringi. Kwenye Toyota nyingi za zamani, mpira wa presha umeshikwa kwenye pampu na bolti yenye tundu ambayo mafuta hupita ndani yake. Kichwa cha mpira kinakaa katikati ya washa mbili laini, za shaba au alumini. Washa hizo hubonyea mara moja tu zinapokazwa. Ukifungua, tupa, hata kama zinang'aa. Honda nyingi zina oringi, yaani pete ya mpira, badala yake. Dukani sema wazi kwamba unataka ya mafuta, si ya mabomba ya maji. Halafu fundi akitoa ile tepu nyeupe ya mafundi bomba, mzuie mkono: haizibi maungio ya namna hii, na vipande vyake vinaweza kwenda kukwama kwenye vali.

Namba mbili: kubana mpira mpya kwenye vichwa vya chuma vya ule wa zamani. Hii ni kama uvujaji uko pale mpira unapoingia kwenye chuma, au mpira wenyewe umepasuka. Wanaotengeneza mipira ya haidroliki hukata ule wa zamani na kubana mwingine kwa mashine. Mimi naipenda kwa sababu vyuma ni vya gari lako, mikunjo yake inakaa bila kugusa ekzosi. Ila uliza kama mpira wanaoweka unahimili mafuta ya stelingi na joto la injini. Ule mgumu wa trekta utashika presha, lakini stelingi inaweza kuanza kulalamika.

Namba tatu: mpya wa kampuni iliyotengeneza gari. Kwa ubora huu ndio wa kwanza, sibishi. Nimeushusha kwa sababu ya bei, na kwa gari la umri huu mara nyingi utaambiwa uagize usubiri.

Namba nne: mpya wa bei nafuu. Nenda na ule wa zamani mkononi, Kariakoo (Dar) au Kirinyaga Road (Nairobi), uilaze miwili sambamba juu ya kaunta. Chuma kikipishana hata kidogo, urudishe. Ukilazimishwa kuingia, utavuja.

Namba tano: used, yaani uliokwisha kutumika. Umetoka kwenye gari lenye umri kama la kwako. Ukunje, ukiona nyufa ndogo, uache hapo hapo.

Dawa za kuzuia kuvuja sizipi hata namba. Zinalainisha sili za mpira, lakini washa ya shaba haisikii dawa. Klipu nayo iishie kwenye mpira wa kurudishia mafuta, ambao presha yake ni ndogo. Huo unanunuliwa kwa kipimo, mradi usiuziwe wa rejeta, kwa sababu huvimba ukikutana na mafuta.

Ongeza kwenye manunuzi ATF, mafuta ya gia otomatiki ambayo pawa stelingi nyingi huyatumia. Toyota za miaka hiyo nyingi hutumia Dexron II au III. Honda ina mafuta yake, usichanganye. Kutoa hewa, inua magurudumu ya mbele, weka stendi, na kwanza zungusha usukani mwisho hadi mwisho injini ikiwa imezimwa, huku ukijaza. Ndipo uwashe urudie. Mafuta yakiwa na povu, hewa bado imo.

Mimi, usiku baada ya kuweka washa mpya, nilitandika boksi la katoni chini ya pampu. Asubuhi lilikuwa kavu, isipokuwa alama za miguu ya paka.