Bloa ya betri ya volti 40, baada ya misimu miwili ya majani

Mashine hii ya kupulizia majani nimeitumia vuli ya mwaka jana na ya mwaka huu, yaani majira ya majani kupukutika, kwa hivyo naandika nikiwa nimeijua. Naandikia hasa wenzangu mlionunua nyumba yenye uwanja kwa mara ya kwanza huku kwenye baridi, na mnaojiuliza mnunue nini.

Tunakaa Brooklyn Park, kaskazini ya Minneapolis, jimbo la Minnesota, Marekani. Uwanjani tuna mepo miwili, mti wa jamii ile ambayo jani lake liko kwenye bendera ya Kanada, na mwaloni mmoja mkubwa karibu na ua. Mimi nimekulia Kisii. Kwetu uwanja ulifagiwa kila asubuhi kabla ya chai, na majani yalikuwa kazi ya dakika kumi. Hapa mti unamwaga majani ya mwaka mzima kwa wiki mbili tatu, halafu unabaki mtupu.

Vuli ya kwanza niliyaacha. Nilikuwa zamu ya usiku kwenye nyumba ya wazee, nikirudi nimechoka, nikasema theluji itayafunika. Ikayafunika kweli. Aprili ilipoyeyuka niliyakuta yamelaliana tabaka kwa tabaka, yameshikana kama kurasa za daftari lililonyeshewa. Nilibandua tabaka moja kwa vidole. Chini yake nyasi zilikuwa zimelala, rangi ya maganda makavu ya mahindi, na juu yake utando wa kijivu mwembamba kama wa buibui. Mzee jirani yetu alikuja akachuchumaa, akaniambia huo ni ukungu unaoota chini ya theluji, na majani yaliyorundikana huuzidisha kwa sababu hushika unyevu na kuziba hewa. Nilipanda mbegu mara mbili, na mabaka hayakujaa hadi Julai. Nyasi zile niliziuguza kama mtoto.

Ndipo nikanunua bloa. Dola 179, pamoja na betri moja na chaja. Muuzaji alinihakikishia inahamisha hata majani yaliyolowa. Si kweli, na ndilo neno lililonifanya nitoe pesa.

Siku moja baada ya mvua nililielekezea mdomo wa mashine jani moja tu la mepo, umbali wa shubiri. Ukingo wake uliinuka, ukatetemeka, ukalala tena. Kikonyo kilikuwa kimejichomeka katikati ya nyasi na jani lenyewe limegandamana na udongo. Nikabonyeza kitufe cha nguvu zote. Likasogea kama hatua moja, na betri ikashuka. Kwa nguvu zote betri yangu haifiki robo saa. Zile dakika 75 zilizoandikwa kwenye boksi ni za kasi ya chini kabisa, ambayo inatosha kufukuza vumbi barazani.

Kwa majani makavu ni habari nyingine, na hapo siwezi kuinyima haki yake. Njia ya gari iliyokuwa ikinichukua nusu saa kwa reki, sasa ni dakika nane. Chini ya vichaka, katikati ya maua ya waridi, kwenye ule mwanya wa ua ambapo meno ya reki hukwama, inatoa majani bila kuvunja tawi. Ni nyepesi, mkono hauumi. Na haipigi kelele kama zile za petroli. Nikitoka zamu asubuhi naweza kuiwasha saa tatu bila kuona aibu kwa majirani.

Lakini uwanja wenyewe, ile sehemu pana ya nyasi, nimerudi kwenye reki. Reki ya plastiki yenye upana wa inchi 30 na turubai kuukuu. Tandaza turubai, vutia majani juu yake, kamata pembe nne, buruta. Mwanangu wa miaka tisa anashika pembe mbili. Turubai limenipunguzia kazi kuliko betri yoyote.

Na si lazima yote yaondoke. Majani ya mwanzo, yakiwa bado machache na makavu, mimi huyapitishia mashine ya kukata nyasi mara mbili yakawa vipande vidogo, yakazama kati ya nyasi na kuwa mbolea. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Minnesota nao hushauri hivyo, mradi nyasi zibaki zinaonekana. Yakizidi hapo ndipo unakusanya.

Mifuko: msinunue ya plastiki ya kawaida. Tangu 2010 sheria ya kaunti za hapa Minneapolis na St. Paul inataka taka za bustani zitiwe kwenye mifuko inayooza. Mimi hutumia ya karatasi. Kunja mdomo wake kwa nje kiganja kimoja ili usimame wima, na usiuache mvuani, maana kitako kinaloa na ukiuinua majani yote yanamwagika miguuni.

Jambo moja nawasihi sana wenye bloa: msiyapulize majani barabarani. Nimewaona wengi wakifanya hivyo, hata kampuni za kulipwa. Maji ya mvua huku huingia kwenye mitaro na kwenda moja kwa moja mtoni na kwenye maziwa bila kusafishwa. Majani yakioza humo yanatoa fosforasi inayolisha mwani, na kiangazi maji yanakuwa ya kijani. Watoto wetu wanaogelea humo humo.

Kuhusu wakati, msingoje jani la mwisho. Mepo huanza mapema, mwaloni huchelewa, na mwingine hukaa na majani yake hadi baridi iingie kabisa. Wenyeji bado wanasimulia theluji ya Halloween ya 1991, zaidi ya inchi 28 zilizoanguka kuanzia Oktoba 31 watu wakiwa hawajamaliza uwanja. Mimi hufanya awamu tatu: katikati ya Oktoba, mwisho wa Oktoba, na moja ya Novemba kwa ajili ya mwaloni.

Naipa nyota tatu kati ya tano. Kama una njia ndefu ya gari na maua mengi, inunue, tena ungoje ipunguzwe bei baada ya msimu. Kama una nyasi tupu na miti mikubwa, nunua reki nzuri na turubai, pesa nyingine weka. Betri usiiache gereji wakati wa baridi, na usiichaji ikiwa imeganda. Yangu nimeiingiza ndani jana, iko kwenye kabati juu ya friji, na mwaloni bado una majani kwenye matawi ya chini.